Kigoda alichochonga marehemu baba kinatoa unga

Pole sana, ndugu, kwa kuondokewa na mzee. Unga mlaini unaoendelea kudondoka kwenye vitundu vya kigoda alichokuachia ni dalili kwamba bungua, wadudu wanaotoboa mbao, wangali ndani. Usikimbilie vanishi: haiwafikii, na itafunika alama za tezo la mzee, ambazo ndizo zenye thamani kuliko mng'aro wowote. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi -18 kwa wiki 2. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo unyevu utafanya matone juu ya mbao. Kama kina rangi au vipande vya mfupa, usikigandishe. Baadaye kiweke juu ya karatasi nyeusi. Unga mpya ukionekana, rudia.