DSLR ndogo au kubwa? Soma hii kabla hujatoa hela, hasa kama unapiga picha hapa Moshi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza kupiga picha hapa Moshi ni hili: kaka, ninunue DSLR (zile kamera zenye kioo ndani, zinazobadilishwa lenzi) ndogo ya kuanzia au nijikaze mpaka nipate ile kubwa? Ukiwauliza kubwa ipi wengi wanasema Canon 5D, na wakisema ndogo wanamaanisha Canon 2000D, maana hizo ndo zimejaa mtaani, kuanzia kumbi za Majengo mpaka Rau utazikuta. Mimi nimefanya kazi na zote mbili, nilianza na 2000D afu nikachukua 5D Mark III mtumba, na mpaka leo zote ziko kwenye begi moja, kwa hiyo ntaongelea hizo hizo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Bodi kubwa (kamera yenyewe bila lenzi) unailipia kwa ajili ya giza, spidi na usalama wa kazi ya mtu. Kama kazi zako nyingi ni za mchana, nje, watu wamesimama wanasubiri kupigwa, ndogo inakutosha kabisa na hela inayobaki peleka kwenye lenzi na flashi.

Kwanza tutoe hii ya megapikseli (mamilioni ya nukta zinazounda picha), maana dukani ndo kitu cha kwanza utakachoambiwa. 2000D iliyotoka 2018 ina megapikseli 24.1, na 5D Mark III iliyotoka 2012 ina 22.3. Umeona? Ndogo ndo inazo nyingi. Piga picha za mahafali pale Ushirika saa nne asubuhi, jua limewaka vizuri, tumia lenzi nzuri kwenye zote mbili, printi saizi ya A4, mteja hatajua ipi ni ipi na sijawahi kukutana na aliyejua.

Mambo yanabadilika ukiingia ndani ya kanisa. Sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya 2000D ina ukubwa wa milimita 22.3 kwa 14.9, ya 5D ni 36 kwa 24, yani eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu, kwa hiyo inakusanya mwanga mwingi zaidi kwa picha moja. Kwenye misa ya kipaimara, kanisa la zamani lenye madirisha membamba, padri hataki flashi, unapandisha ISO (namba ya kamera kuongeza nguvu ya mwanga) kwa sababu huna namna nyingine. Kwa 2000D mimi nikifika 3200 chengachenga zinaanza kuonekana kwenye nyuso, hasa kwenye ngozi zetu nyeusi zikiwa upande wa kivuli, rangi inakuwa kama imechafuka na kuisafisha kwenye kompyuta inakula muda na picha inapoteza ule ukali wake. Kwa 5D nafika 6400 na picha nampa mteja bila wasiwasi. Afu 5D ina shata (pazia la ndani linalofunguka ukipiga) ya kimya kimya, sio kimya kabisa lakini hausumbui watu wakati wa ibada, na hiyo kwa mapadri na wachungaji inahesabika sana, wanakukumbuka.

Kitu cha pili ni fokasi. 2000D ina pointi 9 za fokasi na kati ya hizo ni ile ya katikati tu ndo ya aina ya msalaba, yenye uwezo wa kushika vizuri pakiwa na mwanga hafifu. 5D Mark III ina pointi 61, na mpaka 41 kati yake ni za msalaba, kutegemea na lenzi. Sasa fikiria maharusi wanaingia ukumbini, MC anapiga kelele, taa za rangi zinazunguka, bibi harusi anakuja kwako anacheza huku wasimamizi wanakatiza mbele, hapo ndo utaelewa hela inaenda wapi. Ndogo itapapasa papasa, itashika mapambo ya nyuma, na ikikubali inapiga picha 3 kwa sekunde wakati kubwa inapiga 6. Kama unayo 2000D na una send-off jumamosi usikate tamaa, fanya hivi: zima pointi zote acha ya katikati peke yake, ishikishe kwenye jicho la mtu, minya kitufe cha kupigia nusu, afu ndo upange fremu yako. Ukizoea utapata picha nyingi tu nzuri.

Cha tatu wengi hawakifikirii mpaka yawakute. Kubwa ina sehemu mbili za kadi za kuhifadhia picha, moja ya aina ya CF na nyingine SD, na unaweza kuiambia iandike picha ile ile kwenye zote mbili. Kadi inakufa muda wowote, haitoi taarifa. Iliwahi kunifia usiku kwenye harusi, kadi ya CF ikagoma kusomeka kabisa nyumbani, nikachukua picha zote kwenye SD na yule dada mpaka leo hajui kama kulikuwa na tatizo. Harusi hairudiwi jamani. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya SD kwenye 5D Mark III ni ya polepole, kwa hiyo ukiandika kote kote na ukashikilia kitufe cha kupigia kwa muda mrefu kamera inajaa na kukwama kidogo, piga kwa vipande vifupi.

Ila ndogo nayo ina mambo yake ambayo kubwa haina, na haya wauzaji wa kamera kubwa hawakwambii. 5D haina flashi yake ya juu, 2000D inayo. 5D Mark III haina Wi-Fi ndani, 2000D inayo, unamrushia mteja picha mbili tatu kwenye simu hapo hapo aweke stetasi na hilo ni tangazo lako la bure. Uzito: 2000D ikiwa na betri ni gramu 475, 5D ni kama 950, ukiifunga lenzi ndefu ya kuvuta ya 70-200 f/2.8 unakaribia kilo mbili na nusu shingoni kutwa nzima. Kwa mtu anayepanda mlima na wageni kufika Uhuru, mita 5,895, mimi nasema beba ndogo bila kufikiria mara mbili, na betri lala nazo ndani ya slipingi begi kwa sababu baridi ya kule juu inazimaliza. Na kwa wanyama pia, ile sensa ndogo inakata picha kiasi kwamba lenzi ya mm 300 inakuvutia kitu kama vile una mm 480, kwa hiyo wale mbega na ndege wa Arusha National Park utawasogeza karibu kwa lenzi ya bei ya kawaida. Tahadhari moja tu, 2000D haijazibwa dhidi ya vumbi na maji kama 5D, ukipita uwanda wa Sanya kiangazi au ukienda Materuni kwenye maporomoko iweke kwenye mfuko wa nailoni, na usibadilishe lenzi nje.

Halafu kuna hili la flashi ambalo limewasumbua vijana wengi. 2000D, na mdogo wake 4000D, hazina ile pini ya katikati pale juu unapochomeka flashi. Maana yake flashi na triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei rahisi zinazotumia pini moja tu hazitawaka, hata uzichomoe na kuzirudisha asubuhi mpaka jioni. Mtu anadhani ameuziwa flashi mbovu anaenda kugombana dukani bure. Chukua flashi inayoongea lugha ya Canon yenyewe, na nenda na kamera yako uijaribu kabla ya kulipa.

Sasa lenzi, na hapa ndo naomba unisikilize vizuri. Ile 18-55 inayokuja kwenye boksi ukiivuta mpaka mwisho inafunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo ndo mwanga unaingia mwingi). Canon 50mm f/1.8 STM, lenzi ndogo ya bei nafuu iliyotoka 2015, inaingiza mwanga karibu mara 10 ya huo. Mara kumi! Hakuna bodi itakayokupa mruko huo kwa hela hiyo. 2000D yenye hiyo 50mm ndani ya kanisa itaishinda 5D yenye lenzi mbovu, nimeyaona kwa macho yangu kwenye kazi ambayo tulikuwa wapiga picha wawili. Na kwenye 2000D inakuwa kama mm 80, tamu sana kwa picha za nyuso. Ukinunua lenzi angalia pia maandishi: EF inaingia kwenye zote, EF-S haifungi kwenye 5D, kwa hiyo kama una ndoto ya kupanda baadaye nunua EF kuanzia sasa. Watu wa Nikon nanyi mjue D3500, ile ndogo, haina mota ya fokasi ndani ya bodi, zile lenzi za zamani za AF-D utazungusha kwa mkono, wakati D750, ile kubwa, inazikubali vizuri.

Vidio nipite haraka. 2000D haina hata tundu la maiki, zote mbili hazina 4K, na fokasi yao kwenye vidio ni ya kusuasua. Kama biashara yako ni vidio usinunue yoyote kati ya hizi.

Najua kuna atakayesema DSLR zimepitwa. Ni kweli Canon na Nikon sasa hivi nguvu zao ziko kwenye mirolesi (kamera zisizo na kioo ndani), 1D X Mark III na D6 za mwaka 2020 ndo zilikuwa kubwa zao za mwisho kutoka. Lakini hiyo ndo sababu wazungu wanaziuza na sisi tunazipata, ukizunguka madukani utakuta 5D Mark III iliyotumika haiachani sana bei na 2000D mpya ya boksi. Kwa anayejifunza bado nasema chukua ile mpya. Kwa mwenye kazi za kanisani na ukumbini karibu kila wikiendi, hasa Desemba watu wakirudi nyumbani na kila boma lina sherehe, chukua kubwa ya mtumba.

Ila uikague. Shata ya 5D Mark III imepangiwa kliki 150,000, kwa hiyo uliza imepiga ngapi, kwa Nikon namba inasomeka kwenye taarifa za picha yenyewe lakini kwa Canon nyingi unahitaji programu na waya, nenda na laptopu. Nenda na kadi zako mbili, CF na SD, uzijaribu zote. Weka f/16 piga anga jeupe uone madoa kwenye sensa. Piga kwa spidi ya shata 1/8000 uangalie kama kuna upande umekuwa mweusi. Zungusha vitufe vyote, hasa gurudumu la nyuma. Muuzaji akikukatalia kufanya hayo, mshukuru uondoke, panda gari uende Arusha ukaangalie nyingine.