Filta ya oili: asilimia 99 ya chembe zipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nataka kubadilisha filta ya oili kwenye gari langu la petroli na nimepata tatu zinazoingia. Ya kwanza imeandikwa "asilimia 99, zaidi ya mikroni 25". Ya pili imeandikwa "mikroni 10" basi. Ya tatu ina maandishi "β20 = 75, ISO 4548-12", na hayo sikuyaelewa kabisa. Nikitazama naona ya pili ndiyo inachuja zaidi, kwa kuwa 10 ni ndogo kuliko 20 na 25. Ila rafiki yangu anadai filta inayochuja sana huinyima injini oili. Halafu, ipo filta itakayozuia oili yangu isiwe nyeusi mapema?

JIBU: Kazi njema, ndugu. Tuanze na hiyo ya pili, kwa sababu ndiyo iliyokuvutia na ndiyo iliyokuambia machache kuliko zote.

Karatasi ya filta haina matundu yaliyopangwa kwa saizi moja. Ni nyuzi zilizolala ovyo, huku pamebana, kule pana upenyo. Kwa hiyo hakuna mpaka ambapo chembe ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita) inazuiwa na ya 9 inapita. Kila saizi ina bahati yake ya kunaswa, na bahati hiyo huongezeka kadiri chembe inavyokuwa kubwa. Mtu anayeandika "mikroni 10" bila asilimia anaweza kumaanisha chembe tisa katika kumi zinanaswa, au nusu yake, au chini ya hapo, na hajadanganya. Mara nyingi ni kama nusu. Mimi namba ya namna hiyo siiweki kwenye ulinganisho hata kidogo.

Sasa ya tatu. Hiyo alama β husomwa beta, nayo ni hesabu ya chembe zilizoingia ikagawanywa kwa zilizotoka. β20 = 75 maana yake kati ya chembe 75 za ukubwa wa mikroni 20 na kuendelea, inapenya moja. Ukitaka asilimia, toa moja kwenye beta, kisha gawa kwa beta yenyewe: 74 kwa 75, yaani asilimia 98.7. Kwa njia hiyohiyo beta 2 ni asilimia 50, beta 20 ni 95, na beta 100 ni 99.

Hapo utasema ya kwanza imeshinda, 99 dhidi ya 98.7. La. Ya kwanza imeahidi kwa chembe za zaidi ya mikroni 25. Kwa 20 haijaahidi chochote, na huko chini asilimia yake lazima ishuke. Inaweza kushuka kidogo, inaweza kuporomoka, kopo halisemi. Ya tatu tayari iko 98.7 kwenye 20, na ikifika 25 itakuwa juu zaidi. Ukinibana nichague kwa maandishi hayo peke yake, nachukua ya tatu.

Kinachonipa imani zaidi ni hiyo ISO 4548-12. Katika kipimo hicho mafuta ya majaribio huzungushwa kupitia filta tena na tena huku vumbi maalumu likiongezwa muda wote, na mashine huhesabu chembe kabla na baada ya filta, saizi kwa saizi, mpaka filta ijae. Matokeo hutoa uwezo wa kuchuja na pia gramu za uchafu ambazo filta inabeba kabla ya kuziba. Hizo gramu wanunuzi wengi hawaziulizi, na ndizo zinazoamua kama filta itafika sevisi inayofuata ikiwa bado inafanya kazi.

Jihadhari na asilimia zilizopatikana kwa kupima uzito badala ya kuhesabu. Chembe moja ya mikroni 40 ina uzito wa chembe 64 za mikroni 10, kwa sababu upana ukizidi mara nne, ujazo unazidi mara 64. Filta ikinasa kubwa chache na kuachia ndogo tele, kwenye mizani itaonekana hodari.

Je, tofauti hizi zina maana kwenye injini? Zipo, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Chukua pampu inayosukuma lita 20 kwa dakika na sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, yenye lita 4: oili yote inapita kwenye filta mara tano kila dakika. Hata filta inayonasa nusu tu, kwa hesabu ya harakaharaka, baada ya mizunguko mitano itakuwa imebakiza chembe kama 3 katika kila 100. Kwa hiyo takataka kubwa hunaswa na karibu filta yoyote, muda ukiruhusiwa. Tatizo ni kwamba chembe iliyopenya haingoji mzunguko unaofuata; inakwenda moja kwa moja kwenye beringi za krenkishafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Tabaka la oili pale lina unene wa mikroni chache tu injini ikifanya kazi. Chembe inayokaribiana na unene huo ndiyo inayosaga, kwa sababu inagusa vyuma viwili kwa pamoja. Hapo kati ya mikroni 5 na 20 ndipo filta nzuri na filta hafifu zinapoachana.

General Motors waliwahi kulipima jambo hili, na matokeo yakachapishwa na SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, mwaka 1988. Ukilinganisha na filta ya mikroni 40, kulika kwa vyuma kulipungua kwa asilimia 50 kwa filta ya mikroni 30, na kwa asilimia 70 kwa ya mikroni 15. Usiyachukue mazima, kwa sababu kwenye majaribio ya aina hiyo vumbi hutiwa makusudi ili injini ilike haraka. Kama mpira wa hewa kwenye gari lako umelegea baada ya filta ya hewa, kaze huo kwanza. Vumbi la hapo halitafidiwa na filta yoyote ya oili.

Rafiki yako ana hoja, lakini kaikosea njia. Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile kila inapozunguka. Filta ikibana, kinachopanda ni tofauti ya presha kati ya upande mchafu na upande safi. Ikifika kiwango fulani, kwa filta nyingi za magari madogo kati ya PSI 8 na 22, vali ya baipasi hufunguka na oili huenda kwenye injini bila kuchujwa. Injini haikosi oili. Inapata oili chafu. Hutokea zaidi oili ikiwa ya baridi na nzito, au filta ikiwa imejaa. Tena kuchuja sana si lazima kubane: nyuzi za sintetiki na za kioo ni nyembamba kuliko za karatasi ya kawaida, hivyo zinanasa vidogo na bado zinaacha nafasi ya oili kupita.

Ndiyo maana kabla ya kuchukua ile ya tatu, hakikisha presha ya kufungua vali yake ni ile inayotakiwa na injini yako. Injini nyingine zina vali hiyo kwenye bloku, na filta zake hazina kabisa. Nyuzi za skrubu za kufungia filta zikilingana na gasketi ikakaa vizuri, haimaanishi kwamba ndani mnafanana.

Ukitoa ya zamani, ikate kwa kikatio cha filta, si msumeno, maana unga wa msumeno utakudanganya. Usihangaike kuhesabu mikunjo ya karatasi. Haisemi lolote kuhusu mikroni. Tazama kama kifuniko cha kiini kimekaa sawa bila upenyo, kisha kunja kwa vidole ule mpira unaozuia oili isirudi kwenye sampu gari likizimwa. Ule mweusi wa naitraili ukikaa kwenye joto muda mrefu hukakamaa. Wa silikoni hustahimili zaidi. Ukikuta umekuwa mgumu, na asubuhi injini huwa inagonga kwa sekunde kadhaa ikiwashwa, umeshapata sababu ya kwanza ya kushuku.

Kuhusu weusi: hakuna. Masizi yanayoitia oili rangi ni madogo kuliko mikroni moja, na viambato vya oili yenyewe vimewekwa ili kuyatawanya yasigandamane. Filta zote tatu zitayaachia yapite, na oili yako itakuwa nyeusi kama kawaida. Badilisha kwa kilomita au miezi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, usifuate rangi.