Panya wanakula mayai ya buabua: tupeleke paka kisiwani?

SWALI: Assalaam aleykum mtaalamu. Sisi ni kamati ya wavuvi kusini mwa Pemba. Kwenye kisiwa chetu kidogo, kisichokaliwa na watu, buabua, ndege wa baharini wanaotaga chini, huja kutaga wakati wa kusi, upepo wa kusini. Msimu uliopita tulikuta maganda ya mayai yaliyotafunwa na mavi ya panya, na ndege wakahama bila kulea hata kinda. Mwenzetu amejitolea kupeleka paka wanne. Muuza dawa mmoja Chake Chake naye anasema unga wake utawamaliza panya kwa wiki moja. Tuanze na kipi?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu zangu wa kamati. Msianze na chochote kati ya hivyo viwili, na huyo mwenzenu mwambieni leo, kabla hajawapakia paka wake kwenye mashua.

Swali hili la paka naulizwa kila msimu, na kila mara mwulizaji ameshaamua: adui wa panya ni paka, basi yamekwisha. Hapo ndipo ninapochoka. Paka hali panya kwa kuwa mmempa kazi hiyo. Hula anachokipata kwa wepesi. Usiku, kwenye kisiwa cha buabua, cha wepesi ni ndege mzima aliyelalia yai juu ya jiwe tupu.

Buabua hutaga yai moja au mawili kwa msimu, lakini anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Panya akila yai, mmepoteza msimu mmoja wa ndege yule. Paka akimla mama, mmepoteza misimu yake yote iliyobaki. Na kusi likiisha, buabua wakaenda zao baharini, paka hafi njaa, kwani panya wapo wa kumlisha mpaka ndege warudi. Hili watu hawataki kulisikia kabisa.

Kisiwa cha Marion, cha Afrika Kusini, kilipelekewa paka 5 mwaka 1949 wawamalize panya wadogo kwenye kituo cha hali ya hewa. Katika miaka ya 1970 walishapita 2,000, na walikadiriwa kuua ndege wa baharini wapatao 450,000 kwa mwaka. Ilichukua hadi 1991 kuwaondoa paka hao, na panya wakabaki. Sisi Wazanzibari hatukuhitaji hata kwenda mbali kiasi hicho. Kunguru waliojaa Unguja waliletwa kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine.

Sasa huo unga. Muuzaji asiyewauliza kisiwa kina ukubwa gani, kina kaa wa minazi au hakina, na ndege wanataga miezi gani, hajui anachowauzia. Panya huonja chakula kigeni kidogo kidogo. Akionja sumu ya haraka, akaumwa na asife, hagusi tena. Dawa zinazofaa visiwani ni zile za kuzuia damu kuganda: zinaua baada ya siku kadhaa, panya asijue kilichomdhuru. Huwekwa ndani ya visanduku vya chambo vilivyopangwa kwa mistari kisiwa kizima, pasibaki pembe isiyofikiwa. Jike mmoja mwenye mimba akinusurika, ndani ya wiki tatu kizazi kipya kimezaliwa. Na kaa wa minazi huiba chambo hicho. Kwa kawaida hakimuui, lakini sumu hubaki mwilini mwake, na anayemla naye anaila.

Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, waliwaondoa panya mwaka 1997, kwa mpango maalumu. Kwenu pia inawezekana, ila ni kazi ya kiangazi cha kaskazi, wakati buabua hawapo na chakula cha panya kimepungua. Pitieni kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, mfike Idara ya Misitu na watu wa uvuvi. Msinunue kitu kabla ya hapo.

Ila kuna jambo hamkuniuliza: panya hao walifikaje? Walipanda chombo. Walikuja ndani ya gunia la mchele, chini ya makuti ya kibanda cha dago, yaani kambi ya wavuvi, au kwenye madema (mitego ya samaki) na nyavu zilizorundikwa pwani siku nyingi kabla ya kupakiwa. Mkitumia fedha kuwaondoa na dago likaendelea kupigwa pale pale, mabaki ya samaki yakitupwa nyuma ya kibanda, watarudi. Hamisheni dago. Kung'uteni vifaa kabla ya kupakia. Na kataeni kila mnyama anayeletwa kwa ahadi nzuri: leo paka, kesho mbuzi wa kuachwa wajilishe wenyewe, keshokutwa kuku wa mwekezaji. Visiwa vidogo vya pwani yetu vinaharibiwa na watu wenye nia njema na haraka nyingi, na ndege wanaotaga chini hawana pengine pa kwenda.

Kusi hili, kuanzia Juni hadi Septemba, asipande mtu juu pale buabua wanapotua, hata kwa dakika chache za kuchungulia. Mkipanda, kundi zima huruka, mayai yanabaki juani, na kunguru akiwepo karibu hasubiri. Anayetaka kuhesabu viota ahesabu kwa darubini, akiwa ndani ya chombo kilichotia nanga mbali.