Akili mnemba imekupigia deki au imekupangia deki?

Kijana wa Uyole, Mbeya, kaniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi na washkaji tunacheza Magic, yale magemu ya karata ambayo kila mtu anakuja na deki yake, yaani fungu lake la karata. Juzi nikamwambia mama akili mnemba imenisaidia deki, akaniuliza mbona sebule bado ina matope. Sasa niseme deki, jozi au pakiti? Na nimepangiwa NA akili mnemba au nimepanga KWA akili mnemba? Maana ilinipa karata 57 ikasema ni 60, afu mbili hazipo kabisa duniani."

Marahaba. Mama yako yuko sahihi, deki kwetu ni ya kupigwa, na kwa matope ya Uyole mwezi wa pili inapigwa asubuhi inarudiwa jioni. Neno lilitoka melini huko, sakafu ya meli ndo deki, mabaharia wakawa wanaiosha, sisi wa milimani tusio na bahari tukabaki na ndoo na tambara. Deki yako wewe ni neno lilelile la Kiingereza, sema limeingia mara ya pili kwa mlango mwingine.

Kiswahili cha siku nyingi kina jozi ya karata, zile 52 za shupaza, kopa, uru na pau (majina ya Kireno hayo, hata karata yenyewe na turufu ni Kireno). Neno zuri mno ila kwako halikai, kwa sababu jozi unainunua imekamilika, yangu na yako hazina tofauti, wakati Magic aliyoibuni Richard Garfield ikatoka 1993 kila mchezaji anajichagulia karata zisizopungua 60, na za jina moja zisizidi 4 ukiacha zile karata za ardhi za msingi, yaani uko kama kocha anapanga kikosi. Ndo maana mimi nasema kupanga deki. Kuunda hapana, kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi, utakuwa umerudi melini tena. Kuchanga nako hapana, kuchanga karata ni kuzivuruga kabla ya kugawa. Pakiti iachie ile ya dukani unayoichana hujui ndani kuna nini.

Sasa hiyo na na kwa, hapo ndo umeuliza swali. Na inamtaja mtendaji: nimepangiwa na kaka, kaka ndo kapanga, mimi nimekaa. Kwa inataja chombo: nimekata kwa kisu, na kisu hakijawahi kukata chenyewe. Kwa iyo angalia nani kafanya kazi. Kama ulichukua ile orodha ukaenda nayo mezani hivyohivyo bila kugusa, sema nimepangiwa na akili mnemba, na wakikucheka kwa karata 57 useme ilivyokuwa. Ila wewe umehesabu, umetoa zile mbili za kuzusha, ukajazia mwenyewe tano kutoka kwenye boksi lako, hapo deki ni yako bana, umeipanga kwa akili mnemba.

Wingi usiuguse, deki hii, deki hizi. Madeki nimeyasikia Mwanjelwa, bado hayajanikaa sikioni.