Nianzie wapi katuni za mapigano za Korea?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimependa filamu za kung-fu tangu utotoni, lakini sijawahi kusoma katuni ya Kikorea. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 17, ananihimiza nianze na The God of High School, ilhali mfanyakazi mwenzangu anaisifu The Breaker. Nafasi yangu ya kusoma ni jioni tu. Nianze na ipi, na je, inafaa niisome pamoja na mpwa wangu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, anza na The Breaker, tena juzuu ya kwanza kabisa. Hadithi imetungwa na Jeon Geuk-jin na kuchorwa na Park Jin-hwan, na sehemu yake ya kwanza, iliyotoka kati ya mwaka 2007 na 2010, ina juzuu 10 tu, kiasi ambacho mtu wa jioni anakimudu bila kuchoka.

Mhusika mkuu, Yi Shi-Woon, ni mwanafunzi wa sekondari mnyonge anayepigwa na wenzake karibu kila siku. Shuleni kwake anakuja mwalimu mpya wa Kiingereza, Han Chun-Woo, mcheshi na mpenda wanawake, ambaye kumbe ni mpiganaji anayeogopwa na kuchukiwa katika murim, yaani ulimwengu wa siri wa koo za wapiganaji uliojificha ndani ya Korea ya leo. Kijana anamwomba amfundishe, mwalimu anakataa, na namna kukataa huko kunavyogeuka kuwa uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ndiyo roho ya kazi hii. Wewe uliyekulia kwenye filamu za kung-fu utautambua uhusiano huo mara moja, ila hapa umepewa nafasi ya kukua polepole, pamoja na deni na hatari zake. Mwisho wa juzuu ya 10 sitausimulia, kwa kuwa mtu akikudokezea atakuwa amekudhulumu.

Uzuri mwingine uko kwenye mchoro. Kurasa ni nyeusi na nyeupe, na Park anapochora pigano hakufichi kitu nyuma ya moshi na mwanga: unaona mguu umekanyaga wapi, bega limegeukia upande gani, na ngumi imepita wapi kabla ya kufika. Zipo kurasa ambazo hazina maneno kabisa, nazo zinastahili kutazamwa kwa utulivu kuliko zile zenye maelezo mengi. Ukurasa husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na katuni za Kijapani, kwa hiyo hutapata tabu ya kuzoea.

Mpwa wako hakukosea. The God of High School ya Park Yong-je, iliyotoka kwenye Naver, jukwaa la mtandaoni la Korea, kuanzia 2011 hadi 2022, ina rangi, husomwa kwa kuteremsha ukurasa kwenye kioo cha simu, na mashindano yake ya mwanzo, ambamo Jin Mori anapigana kwa taekwondo, yanasisimua kwelikweli. Hata hivyo, ina sura zaidi ya 500, na kadiri inavyosonga mbele miungu na nguvu zao huchukua nafasi ya ufundi wa mwili, jambo ambalo mpenzi wa kung-fu huenda lisimkonge moyo. Ihifadhi kwa baadaye.

Kuhusu kusoma The Breaker pamoja, kwa kijana wa miaka 17 sioni kizuizi. Ila ujue kwamba damu imo, uonevu wa shuleni unaonyeshwa bila kulainishwa, na baadhi ya michoro ya wanawake imekusudiwa kuvuta macho ya wanaume, kasoro ambayo mimi binafsi naichukia katika kazi nzuri kama hii. Mtoto wa shule ya msingi nisingempa.

Ukimaliza juzuu ya 10, usiruke kitu: mwendelezo wake ni The Breaker: New Waves, wenye juzuu 20, na baada yake Eternal Force, iliyoanza kutoka mwaka 2022. Wapo wanaoanzia New Waves kwa sababu michoro yake imekomaa zaidi, lakini wao hukutana na Shi-Woon mwenye jeraha ambalo chanzo chake hawakukishuhudia.