Nguzo za mwanzi usizifukie ardhini

Dada, umeuliza kama vibanda vya mianzi vitazifaa familia zilizohamishwa na mafuriko, na kwenye mchoro wako nguzo zimefukiwa futi mbili. Vitafaa sana, lakini zitoe hizo nguzo udongoni kabla hujanunua hata mwanzi mmoja.

Sisi tulizifukia, huku Kasese, magharibi mwa Uganda, tulipowajengea watu vibanda baada ya Mto Nyamwamba kufurika Mei 2020. Haraka ilikuwa nyingi, watu walikuwa wamelala na watoto kwenye madarasa yaliyofungwa kwa ajili ya korona. Msimu wa pili wa mvua mama mmoja akaniita: "Mwanangu, njoo uone nyumba yenu." Kibanda kilikuwa kimelalia upande wa mlango. Nikabonyeza nguzo pale inapoingia ardhini, kidole gumba kikazama mpaka kucha ikafichika. Shubiri moja juu ya hapo, mwanzi ulikuwa mgumu kama siku tuliyoukata. Na lile neno "yenu" linaniuma mpaka leo.

Siku hizi kila nguzo naikalisha juu ya kigingi cha zege kilichoinuka futi moja hivi kutoka chini. Nondo ya milimita 12 inachomoza kwenye zege, inaingia ndani ya mwanzi, halafu ile pingili ya mwisho najaza saruji laini kupitia tundu dogo la ubavuni. Upepo hauing'oi, maji hayaigusi. Paa nalo litoe upenu wa futi tatu, mvua isipige kuta.

Misumari achana nayo, inapasua mwanzi. Toboa kwa keekee, kaza kwa boliti au ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyovutwa sawasawa. Kata karibu na fundo, maana katikati ya pingili panabonyea. Usisahau fito za mshazari kwenye pembe.

Mwanzi uwe na miaka mitatu au zaidi. Ule mchanga una wanga mwingi, unabunguliwa upesi. Hata uliokomaa uloweke kwenye maji ya boraksi na asidi ya boriki, dawa za kuzuia wadudu. Ukichukua ya Mlima Elgon, kumbuka iko ndani ya hifadhi, hivyo upate kwanza ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Wazee wa Bugisu, wanaokula malewa, yaani machipukizi ya mwanzi, tangu utotoni, watakuonyesha mwanzi uliokomaa kwa kuutazama tu.

Kuhusu ukubwa: mita 3 kwa 4 kwa watu sita ni mita mbili za mraba kila mtu. Viwango vya Sphere, vya kimataifa vya misaada ya dharura, vinataka angalau 3.5, bila kuhesabu pa kupikia. Ongeza, tafadhali, hata kama vibanda vitapungua idadi.

Kuhusu kiwanja, Nyamwamba hubeba mawe makubwa, na hakuna mwanzi wa kuyazuia. Waulize wakazi maji ya 2013 na ya 2020 yalifika wapi, kisha ujenge juu zaidi ya hapo.