Kwa nini Senegal nayo ipewe fedha za UKIMWI?

Umeuliza kwa nini wafadhili wapeleke fedha za VVU Senegal, ambako maambukizi kwa watu wazima hayafiki asilimia 1, wakati kwetu Tanzania ni zaidi ya 4. Ndugu yangu, hiyo ni wastani tu. Kule virusi vimejazana kwenye makundi machache: wanaouza ngono, wanaojidunga dawa za kulevya, na wanaume wanaolala na wanaume, ambao tafiti zimewahi kukuta zaidi ya asilimia 20 wana VVU. Na sheria inawafunga hao wa mwisho jela. Mbunge gani atasimama kuwaombea bajeti? Hapo ndipo fedha za Mfuko wa Dunia (wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) zinapoingia: kupima, kondomu, na waelimishaji wanaotoka ndani ya makundi hayohayo.

Halafu si kwamba Wasenegali walikaa wakingoja. Tangu 1969, kabla dunia haijaijua UKIMWI, anayeuza ngono akiwa na miaka 21 na kuendelea anaweza kujiandikisha kituo cha afya na kupewa kadi ya kupimwa mara kwa mara (polisi wakimkuta hana, shida). Mwaka 1998 serikali ilianzisha mpango wake wa ARV, miaka minne kabla ya Mfuko wa Dunia kuzaliwa. Maimamu nao walishaingizwa kwenye kampeni mapema.

Ukipunguza fedha kwa kuwa asilimia ni ndogo, unawaadhibu kwa kufanya vizuri. Mimi ningehoji zaidi waliojiandikisha ni wachache kiasi gani, maana wengi wanaikwepa hiyo kadi kwa aibu.